Zamu ya Kukaa Bila Beji

Budapest, 9 Februari 2009

Mdogo wangu Etelka,

Kwanza niombe radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu tulipomzika mumeo Lajos sijakuandikia hata mstari mmoja, na msiba ule sasa umepita mwaka. Mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote hawezi kusema kwamba alikosa maneno; kwa hiyo sisemi. Nilikosa adabu, na nakuomba unisamehe.

Sisi hapa hatujambo. Binti yangu Csilla amepandishwa cheo kule maktaba, ila bado hajui kupika supu ya kuku pasipo kuiharibu kwa viungo vya dukani. Magoti yangu yananikumbusha kila ngazi ya jengo hili, maana lifti imeharibika tangu Krismasi na wapangaji wanaendelea kuifanyia mikutano. Natumaini kuni zako zinatosha na bomba la maji halijaganda.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba tangu nistaafu ninakusanya beji za kazi za enzi za ujamaa. Ulinicheka wakati ule, watu walipokuwa wakizitupa pamoja na vifungo vya makoti. Sasa ukumbi wa utamaduni wa mtaa wetu umeniomba nizionyeshe mwezi wa Novemba. Nimezipanga juu ya mbao zilizofunikwa mahameli: beji za Mfanyakazi Bora, za wachimba migodi, za reli, na ubao mmoja mkubwa wa vikosi vya kazi vya kijamaa, kiwanda kwa kiwanda, shada la shaba, la fedha na la dhahabu. Katika ubao huo pana nafasi moja tupu. Ni ya kiwanda cha nyuzi cha Sárvölgy, shada la dhahabu, mwaka 1973. Ni kiwanda chako, na kikosi chako. Karakana yenu ilitengeneza beji zake yenyewe, zikawa chache mno, na sijapata kuiona hata moja sokoni.

Naomba beji yako. Uifunge kwa pamba, uiweke ndani ya kopo dogo, uitume kwa rejista. Usiisafishe. Narudia: usiisugue kwa siki wala kwa majivu, kama shangazi Vilma alivyoisugua nishani ya babu hadi mfalme akapotewa na uso.

Kaka yako,
Vendel


Sárvölgy, 3 Machi 2009

Kaka Vendel,

Shikamoo. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, kwa sababu kitini alikuwa amelala paka wa jirani. Hakuna cha kusamehe. Lajos mwenyewe alikuwa akisema, Vendel akinyamaza jueni anatafuta kitenzi.

Bomba liliganda mara moja tu, nikalimwagia maji ya moto. Jirani yangu Bálint alichinja nguruwe wake, akaniletea soseji. Alizijaza vitunguu saumu hata nikadhani ananifukuzia mashetani, lakini nilizila. Paa la banda la kuku limebonyea kwa theluji. Wiki iliyopita nilikwenda mjini kwa shughuli za hapa na pale, nikarudi na basi la jioni. Mpe pole Csilla kwa ile supu. Wewe ndiwe uliyemzoesha ya mama.

Kuhusu beji: mwaka huu sinayo.

Nakutumia chupa mbili za jamu ya plamu. Usizile zote peke yako.

Mdogo wako,
Etelka


Budapest, 18 Machi 2009

Mdogo wangu Etelka,

Marahaba. Jamu imefika. Kifuniko kimoja kililegea njiani, na barua yako imenata pande zote, lakini ile sentensi muhimu inasomeka vizuri: mwaka huu huna beji. Nimeifikiria asubuhi na jioni. Mtu anaweza kusema kwamba mwaka huu hana plamu. Beji haizai kwa msimu, Etelka. Ama unayo, ama umeipoteza, ama umeiuza. Ikiwa umeiuza, nitajie aliyeinunua, nami nitamfuata hata kama nitapanda ngazi.

Nimemuuliza pia Szilveszter, yule mchuuzi wa soko la vitu vikuukuu ambaye kila Jumamosi hunitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa kudumu.

"Mwalimu," akaniambia, "Sárvölgy ya dhahabu haipo. Nimefanya biashara hii tangu Warusi wapakie mizigo yao. Nimeona hata beji za viwanda ambavyo havikuwahi kujengwa. Hiyo sijaiona."

"Walipewa wanawake kadhaa," nikamwambia. "Ziko wapi?"

"Labda wanazipenda," akajibu, akaenda kumuuzia Mjerumani kofia.

Jambo la pili. Csilla amesikia kwa binti wa Bálint kwamba zile shughuli zako za hapa na pale zilikuwa hospitalini. Wewe umeniandikia habari za paa la banda la kuku. Naomba maelezo juu ya mambo yote mawili.

Kaka yako,
Vendel


Sárvölgy, 20 Aprili 2009

Kaka Vendel,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Wajukuu wa Bálint walikuja Jumatatu ya Pasaka kuninyunyizia marashi, kama desturi ilivyo, na mpaka leo paka hataki kunikaribia. Banda lina paa jipya. Plamu zimechanua, tuombe baridi isirudi.

Unataka maelezo. Nitakueleza la beji, kwa sababu usipoelezwa utakuja kulitafuta mwenyewe.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila mmoja na mashine yake, na kiongozi wetu alikuwa Orsolya, yule mrefu uliyemwona kwenye harusi yangu. Mwaka ule tulipata shada la dhahabu. Beji zikapigwa nyuma namba za mashine zetu. Basi tukakaa ukumbini tumetengeneza nywele, katibu wa chama cha wafanyakazi akasoma majina, na alipomaliza Orsolya akasimama.

"Ndugu katibu, umeruka jina. Hermina, mashine ya tisa."

"Sijaruka, Ndugu Orsolya."

Ikawa hivyo. Hermina alikuwa amempeleka mwanawe kupata kipaimara kanisani, kijiji cha mbali, kwa shangazi yake, akidhani hakuna atakayemwona. Alionekana. Nasi tulikuwa tumeahidi kufanya kazi kijamaa, kujifunza kijamaa na kuishi kijamaa, na hilo la tatu, wakasema, yeye amelivunja. Wakamfuta jina.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Hermina alikuwa anakunja aproni yake taratibu, kama mtu anayehama. Orsolya akaivua beji yake, akamfungia kwenye kola.

"Sitaki sadaka," Hermina akasema.

"Nani kakupa sadaka, we mwanamke? Nakuazima mpaka siku ya mtakatifu wa jina langu, Oktoba. Siku hiyo utampa wa kushoto kwako, naye atampa wa kushoto kwake. Atakayebaki bila, atabaki bila mwaka mzima. Halafu tunazunguka tena."

Tukacheka, tukadhani ni maneno ya siku moja. Lakini Oktoba ilipofika, siku ya Orsolya, alitandika meza, akaoka keki ya mbegu za popi, akasema, "Haya, mabibi, vueni." Tangu hapo kila mwaka. Kila anayeipokea beji huizungushia uzi wake kwenye skrubu ya nyuma, ili isichane blauzi. Mhandisi aliniuliza mwaka mmoja, "Ndugu Etelka, beji yako iko wapi?" Nikamwambia, "Mwaka huu sinayo." Hakuelewa. Kama wewe.

Orsolya alipofariki tulimzika nayo. Na kila aliyemfuata hivyo hivyo. Akifariki aliye katika mwaka wa kukaa bila, mwenzake humvalisha ya kwake. Kwa hiyo beji zimepungua pamoja nasi, na siku zote ni moja pungufu. Sasa tumebaki mimi na Hermina, na beji ni moja. Iko kwake hadi Oktoba. Baada ya hapo ni zamu yangu. Hata ningekuwa nayo, si yangu ya kukupa.

Nakuomba sana usimwandikie Hermina.

Hospitalini walinipima. Viti vyao ni vigumu.

Mdogo wako,
Etelka


Budapest, 24 Juni 2009

Mdogo wangu Etelka,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sipendi kuandika nikiwa hivyo. Mwandiko wangu huharibika. Beji kumi za shada la dhahabu ziko chini ya ardhi! Makaburi ya Sárvölgy yana mkusanyo bora kuliko wangu. Nilimsimulia Csilla nikitazamia aniunge mkono. Akalia, akaniacha na sahani zisizooshwa.

Hasira zilipopungua nikaifikiria hesabu yenu, na nimeona jambo ambalo nadhani mmeliona zamani, ila hamlitaji. Mmebaki wawili na beji moja. Atakayetangulia ataondoka nayo. Wa mwisho atakaa bila, wala hapatakuwa na wa kushoto kwake. Je, mmewahi kulizungumza?

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita Szilveszter aliniita kutoka mwisho wa soko, anapunga mkono kama anayezama.

"Mwalimu! Kaa chini kwanza."

"Sikai. Magoti yakishuka hayapandi."

"Basi simama, lakini usinifie hapa, nina wateja."

Akanionyesha sanduku la vitu vya marehemu mmoja, mtu aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kwenu. Warithi wake waliuza vyote kwa pamoja: kalamu, picha, saa ya mezani, na kijisanduku cha kadibodi kilichofungwa utepe. Ndani yake palikuwa na beji. Kiwanda cha nyuzi cha Sárvölgy, shada la dhahabu, 1973. Rangi nyekundu haina hata ufa. Skrubu haijaguswa na uzi wala na kola. Nyuma imepigwa namba tisa.

Nimeinunua. Ipo ubaoni. Ubao umejaa, na kwa mara ya kwanza hakuna nafasi yoyote iliyo tupu. Nilitegemea kufurahi zaidi.

Hujanijibu la hospitali. Ugumu wa viti si jibu.

Kaka yako,
Vendel


Sárvölgy, 2 Agosti 2009

Kaka Vendel,

Shikamoo. Sasa ni mimi niliyekaa kimya, na udhuru ninao, ingawa nilitamani nisiwe nao. Walinipasua mwezi Juni. Bálint aliwalisha kuku wangu, Hermina alinilisha maneno. Nimekonda, nguo zangu za mwaka jana zinanizunguka kama mapazia. Plamu ni nyingi mwaka huu, matawi yamewekewa miti ya kuyategemeza.

Daktari ni kijana, mpole, ana mikono baridi. Nikimuuliza ya mwaka ujao, yeye ananijibu ya Krismasi. Nimekuambia. Usiniandikie kurasa za maswali, sina majibu zaidi ya hayo.

Ulichokiona kwenye hesabu yetu tunakijua. Tangu Margit afariki, wa tatu wetu, tunakunywa kahawa juu yake bila kukitaja. Zamani sikujali. Nilidhani Hermina atatangulia, ana ugonjwa wa moyo na anakula mafuta ya bata kwa kijiko. Sasa imekuwa kinyume. Oktoba hii beji inakuja kwangu. Nikiondoka nayo majira ya baridi, anayebaki bila ni Hermina. Umeelewa? Kumi na wawili tulizunguka miaka yote hiyo ili asiwe yeye, na mwisho wake awe yeye.

Nilijaribu. Nilimwambia, "Hermina, mwaka huu tusibadilishane. Kaa nayo tu."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ni ugonjwa gani huo?"

"Nimechoka na keki."

"Keki naoka mimi. Zamu ni zamu, Etel. Hakuna aliyenionea huruma tangu siku ile ya Orsolya, na usianze wewe leo na uzee huu."

Daktari hajui ukaidi kama huu, la sivyo angeuandika kwenye dawa. Mambo ya Krismasi sikumwambia Hermina. Wala ya namba tisa sikumwambia. Siombi kitu, kaka. Nimekueleza kwa sababu uliuliza kama tumewahi kulizungumza.

Mdogo wako,
Etelka


Budapest, 21 Agosti 2009

Mdogo wangu Etelka,

Sitaandika kurasa za maswali. Nimetii.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu István. Csilla alinitaka tushuke mtoni kutazama fataki. Nikamwambia fataki zinaonekana dirishani bure, na bila umati. Tulizitazama kwa dirisha. Kisha nikawasha taa, nikaufungua ubao.

Ndani ya kopo hili kuna pamba, na ndani ya pamba kuna namba tisa. Mpe Hermina. Ni yake. Beji zitakuwa mbili, ninyi ni wawili, na hakuna atakayemwacha mwenzake bila. Usimwambie kwamba ni zawadi, maana naona jinsi anavyozipokea zawadi. Mwambie ilichelewa posta.

Usiinue matawi ya plamu. Yaache yavunjike.

Kaka yako,
Vendel


Sárvölgy, 14 Septemba 2009

Kaka Vendel,

Shikamoo. Ninaendelea hivyo hivyo. Nalala mchana kama mtoto, na Bálint ananichanjia kuni bila kuambiwa, kitu kinachonitia wasiwasi kuliko daktari. Binti yake ameposwa na mtu wa umeme.

Kopo lilifika salama. Nilipolipokea nililia kidogo, sikufichi, nikaenda nalo kwa Hermina siku hiyo hiyo. Alikuwa anatengeneza madonge ya viazi yenye plamu ndani, mikono yote unga. Nikaiweka beji mezani. Akaitazama bila kuigusa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Inang'aa kama meno ya bandia." Akafuta mikono, akaigeuza, akaiona tisa. "Alikuwa nayo nyumbani kwake yule mtu? Muda wote huo?"

"Ndani ya kijisanduku, na utepe."

"Na utepe!" Akacheka mpaka akaketi. Halafu akaisukuma kwangu kwa kidole. "Mrudishie kakako."

"Hermina, ina namba yako!"

"Ndiyo maana. Nikiivaa hii, kila mtu ana yake na mimi nina yangu, nimekuwa tena yule aliyefutwa. Hata imepigwa alama nyuma watu wasisahau. Mimi nilikaa bila kwa zamu, Etel. Kama Margit, kama wewe, kama Orsolya mwenyewe. Anataka kunipokonya hilo?"

Basi nikamwambia la Krismasi. Lilinitoka tu. Akala donge moja. Akala la pili.

"Kumbe hilo ndilo basi tu."

"Ndilo."

"Mjinga wewe. Nami nimekuacha ubebe ndoo." Kisha akafikiri. Wewe humjui bado: akifikiri hupiga meza kwa kijiko. "Kakako ana afya?"

"Ana magoti."

"Magoti hayaui. Ana miaka mingapi?"

"Themanini na mitatu. Hajawahi kulazwa. Hata mafua huyasahihisha."

"Basi aingie kikosini. Watu watatu, beji mbili. Kila kitu kama kawaida."

Nilidhani anatania. Hatanii. Masharti yake ni haya: uje mwenyewe siku ya Orsolya, tarehe ishirini na moja Oktoba, ukiwa na namba tisa mfukoni. Unaiweka mezani, inaingia kwenye mzunguko, haitakuwa tena ya mashine ya tisa wala ya mtu yeyote. Mwanakikosi mpya huanza na mwaka wa kukaa bila. Kwa hiyo utarudi Budapest mikono mitupu. Mimi nikiondoka, nitakuwa nayo. Yeye akinifuata, atakuwa nayo. Wa mwisho utakuwa wewe, na wewe utakaa bila.

Nilimwambia maonyesho yako ni Novemba, na kwamba ubao huo umeungoja miaka mingi. Akasema, "Mwalimu, siyo? Mwambie hatumlazimishi. Mwambie pia akija alete kahawa, ya hapa dukani ni vumbi."

Nakurudishia namba tisa katika kopo lako, na pamba yako. Uamuzi ni wako. Ukikataa sitakuwa na kinyongo, nawe usiwe nacho.

Mdogo wako,
Etelka


Budapest, 4 Oktoba 2009

Mdogo wangu Etelka,

Marahaba. Csilla anakusalimu, amejifunza kupika supu bila vile viungo, na amekupikia moja, hajui ataitumaje. Lifti imetengenezwa. Ilifanya kazi siku mbili.

Pendekezo la Hermina nimelisoma kwa makini, na nina wajibu wa kueleza kasoro zake. Kikosi chenu kilikuwa cha wanawake. Mimi sijawahi kusokota uzi. Kiwanda kilikwisha kubomolewa, na mahali pake, kama ulivyonieleza zamani mwenyewe, wanauza magodoro. Mwanakikosi mpya ilikuwa sharti akubaliwe na kikosi kizima, na kikosi kizima, ukiondoa ninyi wawili, kimelala makaburini. Tena sijaona popote duniani mtu akialikwa kwa heshima ili asipewe kitu. Niliyasoma haya yote kwa sauti mbele ya Csilla. Akaniuliza, "Baba, unakataa au unaomba ruhusa?" Nikamwambia aangalie jiko.

Kopo liko mezani, karibu na saa. Ubaoni sijairudisha. Mkurugenzi wa ukumbi alikuja juzi kupima mbao, kijana mwenye viatu vya michezo, akaiona ile nafasi.

"Mzee, hapa pana pengo. Tubandike picha yake?"

"Usibandike kitu," nikamwambia.

"Lakini watu watauliza."

"Waache waulize. Nitakuwepo."

Nilishangaa mwenyewe. Tangu nianze kukusanya nimeionea aibu nafasi hiyo kama jino lililong'oka, na sasa nilikuwa nimesimama mbele yake nikiilinda.

Yapo mambo machache ningependa unifafanulie, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Je, treni ya asubuhi bado husimama Sárvölgy, au ni lazima mtu ashuke kituo cha kabla na kungoja basi? Hermina anapenda kahawa ya punje au iliyosagwa? Pale mezani kwenu, kushoto kwangu angeketi nani? Na wewe ulikuwa ukitumia uzi wa rangi gani? Naona skrubu ya namba tisa ni tupu, itakuchana blauzi, na humu ndani nina uzi mweusi wa vifungo peke yake.

Vaa soksi nzito. Ndoo abebe Bálint.

Maswali haya usiyachukue kuwa jibu. Mimi si mtu wa kuamua jambo kwa pupa, na hili bado sijaliamua. Nikishaliamua, nitakuandikia.

Kaka yako,
Vendel